Vumbi la nyota yenye mkia: si uchafu wetu wenyewe?

Juzi kwenye simu, mwenzetu wa Buffalo na yule wa Louisville walinibana: hao wanaosema wamekuta asidi-amino kwenye vumbi la nyota yenye mkia, walijuaje kuwa si uchafu wa hapa hapa duniani? Swali zuri hilo, ngoja nijaribu kulijibu.

Chombo cha NASA, Stardust, kiliipita nyota yenye mkia iitwayo Wild 2 mwezi Januari 2004. Kilinasa vumbi lake kwa erojeli, silika nyepesi mno iliyopangwa kwenye fremu zenye karatasi ya alumini. Kapsuli ikatua jangwani Utah tarehe 15 Januari 2006.

Maabarani wakaona glisini, asidi-amino mojawapo inayojenga protini. Wangeweza kushangilia, lakini hawakufanya hivyo. Nailoni ya mfuko wa kufungashia sampuli nayo ilikuwa imezichafua kwa asidi-amino! Sasa ipi ni ipi?

Wakapima kaboni yake. Kaboni nyingi ni ya uzito 12, na kidogo ni ya uzito 13. Glisini ya kwenye alumini ilikuwa na kaboni-13 nyingi kuliko ya kawaida ya duniani. Mwaka 2009 ndipo wakatangaza.

Tusichanganye mambo lakini: glisini si uhai, kama vile tofali si nyumba. Na jibu lenu, wajameni, ndilo hilo: walianza kwa kujishuku wenyewe.

Nawasilisha.