Aya Tunazoziruka



Wiki chache zilizopita, baada ya Misa ya asubuhi, mama mmoja wa parokia yangu alinifuata sakristia. Mkononi alikuwa na mfuko wa kaki, ameukunja na kuukunja tena, kama mtu aliyebeba kitu asichotaka majirani wakione. "Baba Paroko, hiki nimekikuta chini ya godoro la binti yangu. Nikichome, au utakiombea kwanza?"

Ndani mlikuwa na kitabu cha Kiingereza, chakavu, kurasa zimekuwa rangi ya chai, cha aina ile inayopangwa juu ya turubai kando ya barabara na kuuzwa kwa bei ya soda. Kilikuwa The Pan Book of Horror Stories, juzuu ya kwanza, mkusanyo wa hadithi fupi za kutisha uliohaririwa na Herbert van Thal na kutolewa London mwaka 1959. Binti mwenyewe si mtoto. Ni muuguzi wa kitengo cha dharura katika hospitali moja, na mara nyingi hupangiwa zamu ya usiku. Mama alitaka kujua kama ni pepo.

Nilimwambia aniachie kitabu. Ningeweza kukueleza kwamba nilikisoma kwa sababu za kichungaji, na usiku wa kwanza huenda ilikuwa kweli. Usiku wa pili nilisoma kwa kuwa nilitaka kujua kinachofuata, na Masifu ya Jioni niliyasali saa sita usiku, tena harakaharaka.

Humo mna hadithi ya Bram Stoker, yule aliyeandika Dracula. Mtalii wa Kimarekani, akiwa juu ya ukuta wa ngome ya Nuremberg huko Ujerumani, anawaona chini paka na mwanawe wakicheza. Anaangusha jiwe kwa mzaha, hakusudii kuua, lakini jiwe linampasua kichwa yule mtoto wa paka. Mama paka anamlamba mwanawe aliyekufa, kisha anainua macho kumtazama mtu yule. Mtalii analichukulia jambo hilo kwa wepesi, anaendelea na matembezi yake, na paka anamfuata hadi ndani ya mnara wa vifaa vya mateso vya zamani. Huko kuna sanamu ya chuma yenye umbo la mwanamke, tupu ndani, mlango wake umejaa misumari mirefu. Mtalii anataka aingie aonje ilivyokuwa. Sitakumalizia. Nakuambia tu kwamba usiku ule sikuzima taa.

Iko nyingine ya George Fielding Eliot, kuhusu bakuli la shaba, panya, na mwanamke aliyefungwa kamba. Hiyo nitairudia.

Mfululizo huo uliendelea hadi mwaka 1989, juzuu 30, na kadiri ulivyokwenda ndivyo damu ilivyoongezeka. Mwaka 1984 Clive Barker wa Liverpool akaanza kutoa Books of Blood, juzuu sita za hadithi fupi. Mwaka 1990 Mmarekani Paul Sammon akakusanya nyingine chini ya jina la Splatterpunks, za waandishi waliochoka kutisha kwa kudokeza na kuamua kuonyesha kila kitu hadi mshipa wa mwisho. Wako watu wazima, wenye akili timamu na ada za watoto za kulipa, wanaosubiri mikusanyo ya namna hii kama wewe unavyosubiri mechi ya watani wa jadi.

Usiharakishe kuwahukumu. Hata sisi seminari ndogo, taa zikishazimwa, tulisimuliana bwenini habari za padri asiye na kichwa anayezunguka makaburini, na aliyekuwa na simulizi baya kuliko wote ndiye aliyeheshimiwa. Leo baadhi yetu ni mapadri wazee wenye heshima zao.

Hamu hii ni ya siku nyingi. Mwaka 1897 ulifunguliwa Paris ukumbi mdogo wa maigizo ulioitwa Grand-Guignol, viti chini ya 300. Kwa jioni moja zilichezwa tamthilia fupi kadhaa, moja ya kutisha, inayofuata ya kuchekesha, kisha ya kutisha tena. Macho yaling'olewa, watu walichomwa tindikali usoni, na watazamaji walizimia. Mimi naona ukumbi ule ndio babu wa mikusanyo hii: vipande vifupi, kimoja baada ya kingine, bila nafasi ya kupumua. Lakini kilichonishangaza zaidi ni jengo lenyewe. Lilikuwa kanisa dogo la zamani. Malaika wa mbao walibaki darini wakiangalia yote, na vyumba vya watazamaji vilifanana na viti vya kitubio. Ukumbi ule ulifungwa mwaka 1962. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia watazamaji walipungua, na mkurugenzi wake wa mwisho alieleza sababu: zamani watu waliamini kwamba mambo ya jukwaani hayawezi kutokea, lakini baada ya kambi za mauaji za Wanazi walijua kwamba yanatokea.

Jibu hilo linaeleza wale walioacha kwenda. Haliwaelezi wanaoyaona mambo hayo kila siku na bado wanafungua kitabu.

Mtakatifu Augustino aliliona tatizo hili miaka 1,600 iliyopita. Katika Maungamo anashangaa kwamba maiti iliyochanwachanwa ikilala njiani watu hukimbilia kuitazama, wahuzunike na kupauka, halafu waogope kuiota usiku. Pia anasimulia habari za rafiki yake Alipio, kijana mwema aliyesomea sheria Roma. Wenzake walimburuta hadi uwanja wa mapambano ambako watu waliuana kwa ajili ya burudani. Alipio akasema, mwili wangu mnaweza kuukalisha hapa, macho yangu hamyapati. Akayafumba. Ukapigwa ukelele mkubwa, mtu ameanguka, naye akafumbua ili aone tu ni nini. Hakuweza kuyafumba tena. Aliinywa damu kwa macho, akarudi siku nyingine, safari hii akiwavuta wengine. Baadaye aliongoka na kuwa askofu, kwa hiyo usimkatie tamaa mtu yeyote. Ila Augustino hasemi kwamba Alipio alidhurika kwa kuona damu. Anasema alikwenda akiwa mtu mmoja, akageuka kuwa sehemu ya umati. Aliacha kumwona yule aliyeanguka.

Nilikuwa na hoja hiyo kichwani, nimeipanga vizuri kama homilia, siku binti yule alipokuja ofisini. Alikuwa amekasirika kidogo kwa sababu ya mama yake, ingawa alinisalimu kwa adabu. Hatukuzungumza katika kitubio, na haya ninayoandika ameyasoma kwanza na kuniruhusu.

"Shikamoo, Baba. Nasikia kitabu changu kipo hapa."

"Marahaba, mwanangu. Kipo. Niambie, kwa kazi unayofanya, hivi vitu huvioni vya kutosha?"

Alicheka. Akasema ndiyo maana. Kazini, mtu akiletwa mguu umening'inia kwa ngozi, yeye haruhusiwi kutetemeka. Anakata nguo, anatafuta mshipa, anajibu simu, anawatuliza ndugu. Akirudi nyumbani, mwili bado haujaogopa. "Kwenye kitabu naogopa, Baba. Naogopa mpaka mwisho, halafu hadithi inakwisha. Kurasa kumi, kumi na tano. Na hakuna ndugu wa marehemu anayenisubiri nje ya mlango."

Nilimuuliza kwa nini basi asilete hofu hiyo kanisani. Nilikuwa nimegundua kwamba haonekani Misani muda mrefu. Alinyamaza, kisha akanikumbusha mazishi ya mtoto wa miaka saba aliyegongwa na pikipiki mwaka jana. Nilihubiri mimi. Nilisema, kama nilivyowahi kusema kwenye mazishi mengi ya watoto, kwamba Mungu amepita bustanini akachuma ua lake. Binti alikuwa amekaa benchi la nyuma. Ndiye aliyempokea mtoto yule usiku ule.

"Baba," akasema, "mimi nililiona hilo ua likiletwa."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Nilichofanya ni kuchukua Biblia iliyokuwa mezani na kumfungulia Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 7, mama na wanawe saba walioteswa na mfalme Antioko. Somo hilo unalisikia Dominika ya 32 ya Mwaka C. Lakini ukifuatilia kitabu cha masomo utaona kwamba tunasoma aya ya 1 na ya 2, kisha tunaruka moja kwa moja hadi ya 9. Aya ya 3 hadi ya 8 zimeachwa. Humo ndimo mlimo makaango ya moto, ulimi uliokatwa, ngozi ya kichwa iliyochunwa, na ndugu wengine wakilazimishwa kutazama. Siwalaumu waliopanga masomo. Kanisani kuna watoto. Vilevile Waamuzi sura ya 19, habari za suria wa Mlawi aliyebakwa usiku kucha na mwili wake kukatwa vipande kumi na viwili, hutaisikia Dominika yoyote. Ila yako humo, katika kitabu kilekile tunachokibusu. Mtu akiingia kanisani kwetu bila kujua lolote, akaona sanamu ya mwanaume aliyepigiliwa misumari ikining'inia juu ya altare, angetuuliza sisi ndio tunapenda hadithi za namna gani.

Alisoma aya zile kimya, kidole juu ya mstari. "Hizi sikuwahi kuzisikia," akasema. Yeye anaishi ndani ya aya ya 3 hadi ya 8, zamu baada ya zamu, na sisi tulikuwa tukimsomea zilizobaki.

Hapo nikaona nafasi ya kuleta hoja yangu ya Alipio, nikamuonya kwamba vitabu hivi vinaweza kuua huruma. Alikubali upesi kuliko nilivyotegemea. Alisema zipo hadithi anazozifunga katikati, na anajua mapema zipi. Ile ya paka aliimaliza, kwa sababu paka yule alikuwa mama, na mwandishi hakusahau hilo hata mara moja. Ile ya bakuli la shaba aliifunga.

"Yule mwanamke amewekwa pale ili mwanaume aongee. Anaumizwa kurasa nzima, na hakuna anayemuuliza yeye kitu. Kazini nikianza kumwona mgonjwa hivyo, nitaomba nihamishwe. Wewe, Baba, uliifunga wapi?"

Mpendwa msomaji, mimi sikuifunga. Niliisoma hadi neno la mwisho, nikageuza ukurasa kuona inayofuata. Mimi mwenye Augustino kichwani. Nilimwambia ukweli, naye akanitazama bila kusema kitu, nadhani kama anavyowatazama wagonjwa wanaodai hawajanywa pombe.

Mama yake nilimwambia kwamba si pepo, na kwamba akisikia mlango unafunguliwa alfajiri baada ya zamu, aamke amkalie binti yake karibu, hata kama hawatazungumza. Alitaka pia nimpe novena. Nimempa.

Kitabu kimerudi kwa mwenyewe. Mwezi wa Novemba, katika jumuiya yao, tutakuwa na mkesha wa kuwaombea marehemu, hasa wale wa ajali, na nilimwomba binti asome somo la Wamakabayo. Alifikiri kidogo, akauliza kama atalazimika kuruka. Nimemwambia aanze aya ya kwanza na aendelee, na watoto walazwe mapema siku hiyo.