Ramani ya Kompyuta na Haja za Mkulima

Wanachama wengi wametuuliza kwa nini mkataba wa kununua mfumo wa kompyuta wa chama chetu haujatiwa saini mpaka leo. Sababu ni safari yetu ya Mara. Tulikwenda Musoma, Bunda na Butiama wakati wa kununuliwa pamba, kutazama wenzetu wa bara wanavyoandika mazao kwa mashine, na tumerudi na mashaka ambayo ni haki yenu kuyajua.

Watu wa Ziwa wana khabari ndefu na mizani. Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa walilalamika kwamba wanapunjwa na wanunuzi. Wakaunda vyama, na mwaka 1955 ikasimama Victoria Federation of Co-operative Unions, Bwana Paul Bomani akiwa mbele. Basi chombo kipya hawakisadiki mpaka wamekijaribu.

Karibu na Bunda, karani wa chama kimoja cha msingi alitufungulia daftari lake. Kila ukurasa una safu mbili. Kushoto kaandika haja za kazi: mtandao ukikatika, kupima kuendelee; mkulima akileta pamba mara tatu kwa siku, apate risiti tatu; deni la mbegu na dawa likatwe mara moja tu. Kulia kaandika sehemu ya ramani ya mfumo inayojibu haja hiyo. Palipo patupu kulia, fundi halipwi mpaka apajaze. Palipo patupu kushoto, chama kinauziwa kitu kisichokihitaji. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walitoa ripoti mwaka 2000 juu ya njia iliyo karibu na hiyo: wenye kazi hutaja visa, na ramani hujaribiwa kwa visa hivyo kabla mfumo haujajengwa. Karani yule hakuisoma. Alifundishwa na risiti zilizopotea.

Tulipomwonyesha ramani yetu, aliuliza: "Shamba lenu moja lina wenyewe wangapi?"

Tukanyamaza. Pamba hung'olewa kila mwaka, na msimu mpya huandikwa upya. Mkarafuu husimama miaka na miaka. Hurithiwa, hugawiwa, hukodishwa. Ramani yetu ina shamba moja na mwenyewe mmoja. Warithi watano wangedai kilo zile zile, na fedha zimekwisha ingia katika simu ya mmoja wao. Kosa hilo haliondoki kwa kubadili maandishi ya skrini. Limo katika msingi, na kuuvunja msingi ni gharama kubwa. Nasi katika kamati tulikuwa tumekwisha ipitisha, khasa kwa sababu michoro yake ilipendeza.

Butiama mzee mmoja alituuliza, "Wanangu, kampuni hiyo ikifa, leja itakuwa kwa nani?" Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na sheria ya mwaka 1982 ndiyo iliyovirejesha, mzee hakuwa akifanya mzaha. Tumeliandika swali lake katika orodha yetu.

Orodha iko kwa makarani wa matawi. Leteni visa vyenu vya kweli kabla ya mkutano mkuu: mikarafuu ya urithi na ya kukodi, majina yanayofanana, karafuu zilizorudishwa kuanikwa tena. Fundi ataitwa, na mbele yenu ataonyesha kila kisa kinapita wapi katika ramani yake.