Matabaka ya Usomaji wa Faili katika Perl na Hatima ya Ritifaa katika Kongoo za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafafanua mfumo wa matabaka ambao lugha ya programu ya Perl huutumia katika kusoma na kuandika faili, na yanaonesha jinsi uteuzi wa tabaka unavyoathiri takwimu zitokanazo na kongoo za Kiswahili. Mfano unaotumika ni alama ya ritifaa katika maneno kama ng'ombe na ng'ambo. Hoja kuu ni kwamba kusoma faili ni tendo la kufasiri, na kwamba fasiri hiyo yapaswa kutajwa waziwazi katika ripoti za utafiti na katika miongozo ya hifadhi za matini.

1.0 Utangulizi

Watafiti wengi wa Kiswahili huamini kwamba lugha hii haina tatizo la usimbaji wa herufi. Alfabeti ya Kiswahili sanifu haina herufi zenye alama za juu wala za chini, na herufi zake zote zimo katika seti ya msingi ambayo takribani kila kompyuta huisoma kwa namna moja. Imani hiyo ina ukweli mwingi, na ndiyo sababu kosa likitokea halionekani upesi. Matini ya Kifaransa ikisomwa vibaya, huharibika karibu kila mstari, na msomaji hushtuka. Matini ya Kiswahili ikisomwa vibaya, huharibika katika maneno machache tu, na aghalabu ni yale yale kila mara: maneno yenye ritifaa.

Ritifaa si pambo. Ndiyo inayotenganisha ng'oa, yaani kutoa kitu kilichopandwa au kilichokita, na ngoa, yaani wivu au tamaa. Kongoo inayoipoteza alama hii hupoteza fonimu nzima, na kila kinachojengwa juu yake, iwe kamusi, kisahihishaji tahajia au programu ya tafsiri, hurithi upungufu huo.

2.0 Dhana ya tabaka

Perl ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1987 na Larry Wall, mtu aliyesomea isimu kabla ya kujulikana kwa uprogramu. Kwa kuwa ni lugha ya skripti yenye nguvu kubwa katika kuchambua matini, ilipata wafuasi wengi miongoni mwa wanaisimu. Toleo la 5.8, lililotoka mwaka 2002, lilileta mfumo mpya wa kushughulikia faili uitwao PerlIO, ambao kwa sehemu kubwa ulikuwa kazi ya Nick Ing-Simmons. Mfumo huo umejengwa kwa matabaka.

Faili iliyo kwenye diski ni mfuatano wa baiti, yaani namba kati ya 0 na 255. Faili haina herufi ndani yake. Herufi ni matokeo ya kufasiri namba hizo. Kati ya baiti na programu ya mtafiti husimama matabaka. La chini kabisa ni :unix, ambalo huuomba mfumo endeshi baiti zenyewe. Juu yake hukaa :perlio, ambalo huweka akiba ya baiti katika kumbukumbu ili programu isirudi diskini kwa kila herufi. Juu zaidi huweza kuwekwa :crlf, linaloshughulikia mwisho wa mistari, na :encoding, linalogeuza baiti kuwa herufi. Wakati wa kusoma, matini hupanda kutoka tabaka la chini hadi la juu. Wakati wa kuandika, hushuka. Ni mfano wa barua ya lugha ya kigeni: mmoja huileta, wa pili huifungua, wa tatu huifasiri. Mpokeaji husikia maneno ya huyo wa tatu tu.

Mtafiti hutaja tabaka alitakalo pale anapofungua faili:

open(my $faili, '<:encoding(UTF-8)', 'matini.txt') or die $!;

Asipotaja chochote, kwa kawaida Perl huichukulia kila baiti kuwa herufi moja. Huo nao ni ufasiri, ila ni ufasiri ambao mtafiti hakuuchagua.

3.0 Safari ya neno moja

Tuchukue neno ng'ombe. Likiandikwa kwa ritifaa nyoofu ya kibodi, huwa na baiti 7, na ritifaa yenyewe ni baiti 39. Hapo hakuna shida. Hata hivyo, programu nyingi za kuandikia nyaraka huigeuza alama hiyo kuwa ritifaa iliyopinda bila kumwarifu mwandishi. Katika usimbaji wa zamani wa Windows uitwao cp1252, ritifaa iliyopinda ni baiti moja, 146. Katika UTF-8 ni baiti tatu: 226, 128 na 153. Neno lile lile, ambalo kwa macho lina alama 7, sasa lina baiti 9.

Programu ya kuhesabu maneno ikisoma faili ya UTF-8 bila tabaka la usimbaji, huona alama tatu ngeni badala ya ritifaa moja. Hata kama mtafiti ameiagiza kwamba ritifaa iliyopinda ni sehemu ya neno, haitaitambua; italikata neno na kuhesabu "ng" na "ombe". Orodha ya marudio itajaza "ng", ambayo si neno, huku ng'ombe, ng'ambo na ng'aa yakipungua au kutoweka.

Ikiwa programu hiyo hiyo itaandika matokeo kupitia tabaka la UTF-8, kila moja ya alama zile tatu itasimbwa upya kwa baiti mbili. Neno litakuwa na baiti 12, na kila mzunguko wa kosa kama hilo utazidi kulirefusha.

Faili ya cp1252 ina hatari iliyojificha zaidi. Ikisomwa bila tabaka kisha ikaandikwa kwa UTF-8, baiti 146 hugeuka kuwa alama ya udhibiti ambayo mara nyingi haionekani kwenye skrini. Mhariri ataona "ngombe" na yamkini atamlaumu mwandishi kwa kutojua tahajia. Tabaka sahihi hapa ni :encoding(cp1252).

Ipo pia tofauti kati ya :utf8 na :encoding(UTF-8) ambayo haistahili kupuuzwa. La kwanza, likitumiwa katika kusoma, huamini tu kwamba baiti ni halali. La pili huzikagua na kutoa onyo linapokuta baiti isiyokubalika. Kwa faili zilizotoka mikononi mwa watu wengi, ukaguzi ndio unaofaa.

4.0 Mwisho wa mstari na faili zilizobanwa

Windows humaliza mstari kwa baiti mbili, 13 na 10. Linux humaliza kwa baiti 10 pekee. Orodha ya maneno iliyotayarishwa Windows ikisomwa Linux bila tabaka la :crlf, neno la mwisho la kila mstari hubaki na baiti 13 isiyoonekana. Hivyo "kitabu" ya orodha moja hailingani na "kitabu" ya orodha nyingine, na mtafiti huweza kuhitimisha kwamba lahaja mbili hazishiriki msamiati.

Mpangilio wa matabaka nao una maana. Moduli ya PerlIO::gzip huongeza tabaka la kusomea faili zilizobanwa. Tamko '<:gzip:encoding(UTF-8)' hufungua mbano kwanza, kisha hufasiri herufi. Ukiyapindua matabaka hayo, utakuwa unatafuta herufi ndani ya baiti ambazo bado zimebanwa.

5.0 Je, tabaka lisahihishe matini?

Perl humwezesha mtafiti kujiandikia tabaka lake kupitia moduli ya PerlIO::via. Kwa hiyo inawezekana kutengeneza tabaka linalogeuza ritifaa za kila aina kuwa moja tangu faili inapofunguliwa. Makala haya hayapendekezi njia hiyo. Kazi ya tabaka ni kusoma kwa uaminifu kilichoandikwa. Usanifishaji ni uamuzi wa kiisimu. Ukifichwa ndani ya tabaka, msomaji wa utafiti hataweza kuuona wala kuupinga. Ni afadhali ufanyike hatua ya pili, ndani ya programu yenyewe, huku faili asilia ikibaki kama ilivyopokewa.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Suala hili linazidi uzito kadiri matini zinavyovuka mipaka. Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Kiswahili cha jumuiya hiyo kinajumuisha matini zenye majina na maneno ya Kifaransa. Herufi é ni baiti 233 katika cp1252, na baiti mbili, 195 na 169, katika UTF-8. Kongoo ya pamoja itakayokusanya faili za Kinshasa, Kigali na Dodoma bila kutaja usimbaji wake itachanganya fasiri zisizopatana.

Mapendekezo ni matatu. Kwanza, kila hifadhi ya matini iandike, sambamba na jina la mwandishi na tarehe, usimbaji wa faili na aina ya mwisho wa mistari. Pili, ripoti za utafiti wa kongoo zitaje matabaka yaliyotumika kama zinavyotaja mbinu ya uteuzi wa sampuli. Tatu, wafadhili na watunga sera wadai kipimo kimoja chepesi kabla ya kupokea kongoo yoyote: itafutwe ng'ombe kwa ritifaa nyoofu na kwa ritifaa iliyopinda, kisha itafutwe "ombe" ikiwa peke yake. Hesabu hizo tatu zikilinganishwa na matini yenyewe, zitamwonesha mpokeaji kama kongoo imesomwa au imepitishwa tu.