TUMBO KUJAA BAADA YA OPERESHENI

Katika vijiji vyetu vya Shinyanga na Geita, mtu akipasuliwa halafu tumbo likajaa, maneno huwa mengi. Wengine husema karogwa. Wengine husema daktari kasahau kitu ndani. Basi tuelewe kwanza kinachotokea.

Utumbo husukuma chakula kwa kujiminya, kama mkono unavyokamua chuchu ya ng'ombe. Tumbo likipasuliwa, utumbo huacha kazi hiyo kwa muda. Dawa kali za kutuliza maumivu nazo huuchelewesha. Hewa na maji havisogei, tumbo linajaa. Kwa kawaida utumbo huamka baada ya siku 2 au 3. Ndiyo maana nesi huuliza, "Umeshajamba?" Tusicheke wala tusione haya. Hewa ikitoka, utumbo umeanza kazi.

Tufanye nini? Tuinuke na kutembea taratibu mara tu tukiruhusiwa. Tule na kunywa kama tulivyoelekezwa. Ndugu wa mgonjwa wasimpe kwa siri dawa za kuharisha wala mitishamba. Kama utumbo umeziba, zitamwumiza zaidi.

Lakini tumbo likizidi kujaa, tusingoje. Dalili za hatari ni hizi:
– kutapika mara kwa mara, hasa matapishi ya kijani;
– kutopata choo wala hewa;
– homa;
– tumbo kuwa gumu na kuuma sana;
– kidonda kutoa usaha.

Huenda utumbo umeziba au unavuja, au kuna usaha ndani. Mgonjwa arudishwe hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku. Wanaopelekwa Bugando, Mwanza, kutoka Geita hawalazimiki tena kungoja kivuko. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa mwaka 2025.

Uvimbe mwingine huja baadaye. Mchimbaji wa Nyarugusu au Rwamgasa anaona kovu limekauka, anarudi duarani kuvuta viroba vya mawe. Kumbe ngozi imepona, nyama za ndani bado. Zikiachana, utumbo hutokeza chini ya kovu. Uvimbe huo huonekana akikohoa, hupungua akilala. Hiyo ni ngiri. Ikigoma kurudi ndani na kuuma, ni mbio hospitali.

Baada ya operesheni kubwa ya tumbo, tuache mizigo mizito kwa wiki 6 hivi, au zaidi daktari akisema. Tunajua watoto wanataka ugali. Lakini tuombe ndugu watusaidie wiki hizo chache, kuliko kupasuliwa mara ya pili.