Maradhi si kizuizi cha masomo ng'ambo, ila maandalizi yaanze mapema

KATIKA mtaa wa Mwihoko, eneobunge la Ruiru, barua ya kujiunga na chuo kikuu cha ng'ambo huwa habari ya ploti nzima. Majirani huja kutoa pongezi na harambee ya nauli hupangwa. Lakini pale ambapo mwanafunzi mwenyewe anaishi na kisukari, selimundu, kifafa au virusi vya Ukimwi, furaha hiyo huandamana na ushauri wa kunong'onezwa: usimwambie mtu, wasije wakakunyima viza.

Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, na ndio unaoweza kumponza. Nchi nyingi zinazopokea wanafunzi kutoka Kenya hazimfungii mtu mlango kwa sababu tu ana maradhi ya kudumu. Kinachoweza kumkwamisha ni kuchelewa kujiandaa, au kuficha jambo litakalojifichua lenyewe miezi michache baadaye, dawa zikiwa zimekwisha na yeye yuko mahali asipojulikana.

Hofu hiyo hata hivyo haikuzuka hivi hivi. Kuanzia mwaka wa 1987 Marekani ilikuwa ikiwazuia wageni wenye virusi vya Ukimwi, na marufuku hiyo iliondolewa Januari 2010. China ilifuata Aprili mwaka uo huo. Urusi ingali inamtaka mgeni anayekaa zaidi ya miezi mitatu awe na cheti cha kuonyesha hana virusi hivyo, na Milki za Kiarabu huwapima wanaoomba kibali cha ukaaji na kuwakataa wanaopatikana navyo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwanafunzi wa namna hii ni nchi gani, kabla hata ya kuuliza chuo gani.

Uingereza haipimi Ukimwi wala kisukari kwa ajili ya viza ya masomo. Inachotaka kwa mtu anayeishi Kenya na anayekusudia kukaa huko zaidi ya miezi sita ni cheti cha kuwa hana kifua kikuu. Uchunguzi hufanywa Nairobi na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, kwa kupiga picha ya kifua. Ikiwa picha ni safi, cheti hutolewa na hutumika kwa miezi sita. Ikiwa ina doa lenye kutiliwa shaka, makohozi huchukuliwa na kuoteshwa katika maabara, kazi inayoweza kuchukua hadi wiki nane.

Hapo ndipo tarehe inapokuwa na uzito kuliko ugonjwa. Mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu na kupona anaweza kubaki na kovu mapafuni, na kovu hilo huonekana kwenye picha. Akienda kupimwa Agosti ilhali masomo yanaanza Septemba, atapitwa na muhula ingawa ni mzima. Akienda Mei, akiwa na rekodi za matibabu yake ya zamani, wiki nane hazitamdhuru.

Kanada na Australia hutazama jambo jingine, yaani gharama ambayo mgonjwa anaweza kuisababishia serikali. Kanada ililegeza kanuni hiyo mwaka wa 2018 kwa kupandisha kiwango cha gharama hadi mara tatu ya wastani wa matumizi ya mtu mmoja. Nayo Australia ilipandisha kiwango chake Julai 2024 hadi dola 86,000 za nchi hiyo. Aliyekataliwa miaka kumi iliyopita, au aliyesikia habari za aliyekataliwa, asidhani mambo yamebaki vile vile.

Baada ya viza kuna bima, na hapa ndipo familia hushtuka zaidi kwa sababu fedha hizo aghalabu hazikuwamo katika hesabu za harambee. Mwanafunzi anayekwenda Uingereza hulipa pauni 776 kwa kila mwaka wa viza yake, kiwango kilichoanza Februari 2024, na hulipa zote kabla ya kusafiri. Akishalipa hutibiwa kama mwenyeji. Kule England dawa zinazoandikwa na daktari hulipiwa, ila mwenye kifafa na mwenye kisukari anayetumia dawa husamehewa malipo hayo. Mgonjwa wa selimundu, ajabu ni kwamba, hayumo katika orodha ya wanaosamehewa. Scotland na Wales hakuna anayelipia dawa, na kwa kijana mwenye selimundu tofauti hiyo ni sababu halisi ya kulinganisha vyuo, mradi akumbuke kwamba baridi yenyewe huweza kuamsha maumivu yake.

Ujerumani humpokea mwanafunzi aliye chini ya umri wa miaka 30 katika bima ya umma kwa ada nafuu, na mashirika ya bima hiyo hayana ruhusa ya kumkataa kwa ugonjwa alioenda nao. Tahadhari ni moja: akishachagua bima ya kibinafsi mwanzoni kwa kuwa ilionekana rahisi, ni vigumu kurudi kwenye ile ya umma hadi amalize masomo. Australia nayo ina bima ya lazima kwa wanafunzi wageni, lakini ugonjwa uliokuwapo kabla ya safari huweza kusubiri miezi 12 kabla ya kugharamiwa.

Dawa zenyewe zina mambo yake. Dawa ya kifafa iitwayo fenobabitoni, ambayo hutolewa kwa bei nafuu katika zahanati nyingi nchini, imo katika Jedwali la Nne la mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili. Kuingia nayo katika baadhi ya nchi bila idhini ni kosa. Tramadol, inayotumiwa kutuliza maumivu makali, hudhibitiwa vikali katika Milki za Kiarabu. Daktari akiarifiwa mapema anaweza kumbadilishia mgonjwa dawa na kumtazama kwa miezi kadhaa angali nyumbani.

Insulini haifai kuwekwa katika mizigo ya chini ya ndege kwa sababu inaweza kuganda na kuharibika. Hubebwa mkononi pamoja na sindano na barua ya daktari. Anayeruka kuelekea Marekani huongezewa saa saba au zaidi katika siku yake, hivyo ratiba ya sindano lazima ipangwe na daktari kabla ya safari. Kisha atafika na kukuta vipimo vya sukari vikisomwa kwa kizio tofauti: 7 ya Kenya huandikwa 126 kule. Asiyejua hilo anaweza kudhani amezidiwa.

Barua ya daktari ndiyo msingi wa yote haya. Iandikwe kwa Kiingereza, itaje ugonjwa, vipimo vya karibuni, na dawa kwa majina ya kitaalamu, si majina ya kibiashara, kwa kuwa hayo hubadilika kutoka nchi hadi nchi. Mkazi wa Mwihoko anayetibiwa Ruiru au katika hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta iliyoko Kahawa hana safari ndefu ya kuifuata. Safari ndefu ni ya kumshawishi mzazi kwamba karatasi hiyo haimwaibishi mtoto wake.

Ikishafika chuoni, barua hiyo hupelekwa katika ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu. Jina la ofisi huwakimbiza wengi, maana mwenye kisukari hajioni kuwa mlemavu. Lakini Sheria ya Usawa ya Uingereza ya mwaka 2010 huweza kumlinda pia mtu mwenye maradhi yanayoathiri sana shughuli zake za kila siku kwa miezi 12 au zaidi, na Marekani ina sheria zake za 1973 na 1990. Kwa barua hiyo anaweza kupewa muda wa ziada katika mtihani au chumba kilicho karibu na madarasa.

Zaidi ya hayo, ni vyema asafiri na dawa za kumtosha miezi mitatu, ikiwa nchi aendako inaruhusu kiasi hicho, na ajiandikishe kwa daktari wa huko katika wiki ya kwanza, siyo siku anayofungua pakiti ya mwisho.