Faini Isiyomgusa Mkubwa

Tangu jimbo la Hessen nchini Ujerumani lipitishe sheria ya kwanza ya ulinzi wa data mwaka 1970, nchi zaidi ya mia moja zimefuata njia hiyo, zikiwemo Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania. Nyingi zimeandika mambo yanayokaribiana mno: taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu inayojulikana, kuwe na ridhaa yake au msingi mwingine wa kisheria, naye aweze kuziona na kuzisahihisha. Ukisoma sura hizo za mwanzo utadhani Nairobi na Brussels ni mtaa mmoja. Tofauti imejificha huko nyuma, kwenye vifungu vya adhabu, ambavyo msomaji huvifikia akiwa ameshachoka. Hapo ndipo hujulikana sheria inamtisha nani.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Mei 2018 inaruhusu faini ya hadi yuro milioni 20 au asilimia 4 ya mapato ya kampuni ya mwaka mzima duniani kote, kutegemea ipi ni kubwa zaidi. Kwa kanuni hiyo Meta ilitozwa yuro bilioni 1.2 mwezi Mei 2023 kwa kuhamishia Marekani data za watumiaji wa Ulaya. Kifungu cha 63 cha sheria ya Kenya ya 2019 nacho kinaweka kikomo cha shilingi milioni 5 au, kwa kampuni, asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, ila hapa kinachochukuliwa ni kiasi kilicho kidogo. Hebu tupige hesabu. Kampuni yenye mapato ya shilingi milioni 100 yaweza kutozwa hadi milioni 1, asilimia 1 kamili. Yenye mapato ya bilioni 100 haitozwi zaidi ya milioni 5, yaani asilimia 0.005. Anayekingwa na kikomo hicho ni mkubwa peke yake, naye ndiye aliyeshika data za mamilioni ya watu. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Uamuzi ulikuwa wa haki, sina ugomvi nao. Lakini shule hiyo iligusa karibu dari ileile ambayo faini ya benki au ya kampuni ya simu haiwezi kuipita.

Wapo watakaosema Ulaya ni tajiri, na kwamba faini za aina hiyo zitafukuza wawekezaji na kuua biashara changa. Hofu hiyo ingekuwa na mashiko kama tungekuwa tunazungumzia kiasi kimoja kwa wote. Asilimia humpima kila mtu kwa kipato chake. Uganda imeruhusu mahakama kuitoza kampuni hadi asilimia 2 ya mapato yake ya mwaka. Nigeria, katika sheria yake ya 2023, imeweka naira milioni 10 au asilimia 2 kwa taasisi kubwa, kiasi kilicho kikubwa ndicho kihesabiwe, na wadogo wakatengewa kiwango chao cha chini. Hakuna hata moja iliyoiga utajiri wa Ulaya.

Hoja nzito zaidi ni kwamba faini si silaha pekee. Mei 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamuru zifutwe data za mboni za macho ambazo mradi wa Worldcoin ulizikusanya kwa Wakenya, waliopewa sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Amri ya kufuta ni kali kuliko faini, nakubali. Ila ilikuja karibu miaka miwili baada ya serikali kuusimamisha mradi huo, tena kwa sababu shirika la Katiba Institute lilikwenda mahakamani. Mdaiwa anayetukanwa na programu ya mikopo mbele ya ndugu na wakwe hana wakili wa katiba. Ana Kamishna tu, na Kamishna ana kifungu cha 63.

Bunge la Kenya halihitaji sheria mpya. Kampuni yenye mapato yasiyozidi shilingi milioni 500 ibaki ilipo, maana kufikia hapo asilimia 1 haijapita milioni 5. Zilizovuka hapo zihesabiwe kwa asilimia, bila kikomo.