Namibia na farasi wa Garub

Namibia ina kilomita za mraba zipatazo 825,000, karibu theluthi moja ya Kongo yetu. Sensa ya mwaka 2023 ilikuta watu milioni 3 na kidogo. Mji mkuu ni Windhoek. Uhuru ulipatikana tarehe 21 Machi 1990. Wanauza almasi, urani, samaki na nyama ya ng'ombe. Barabara ni nzuri. Ya bandari na mikoa yamo vitabuni, niacheni niseme habari za farasi.

Ukitoka Aus kuelekea Lüderitz, kilomita kama 20, unafika Garub. Ni kokoto, mchanga na nyasi kavu za kuhesabika. Sisi wa Mabalako, tuliozoea mvua na kivuli cha kakao, tungeapa kwamba hapo hakiishi kitu. Mara wanatokea farasi, mmoja nyuma ya mwingine, wakielekea birikani. Hawana mwenyewe, wala hakuna awapandaye. Kisima kinacholijaza birika hilo kilikuwa cha kunyweshea magari moshi ya Wajerumani waliotawala nchi hiyo.

Mwaka 1915 jeshi la Afrika Kusini, likipigana na Wajerumani hao, lilipiga kambi hapo na maelfu ya farasi, ndege ya Kijerumani ikawaangushia mabomu. Yaelekea baadhi ya farasi hawa wametokana na hao, na wengine walitoka Kubub, kwa mfugaji Emil Kreplin. Nchi ile ilikuwa imefungwa tangu 1908, Zacharias Lewala, kibarua wa reli, alipookota almasi. Ulinzi wa almasi ukawa ulinzi wa farasi. Wakati wa baridi hukaa hata siku tatu bila maji. Ukame ukizidi, hula mavi yao wenyewe yaliyokauka, na wanaishi!

Walikaribia 300. Kisha ukaja ukame, na fisi wakawala watoto miaka mfululizo asibaki hata mmoja, hadi kundi likashuka chini ya 80. Wapo waliosema farasi ni mgeni, na kwamba katika eneo hilo, ambalo siku hizi ni hifadhi, fisi ndiye mwenyeji. Hoja nzito. Lakini raia walichanga pesa za majani makavu, na serikali ilipowaondoa fisi mwaka 2019, watoto wakaanza tena kukua.

Nasi tuna Virunga, hifadhi tangu 1925. Miaka ya 1970 ilikuwa na viboko zaidi ya 25,000; mwaka 2005 hawakufika 1,000. Vita vilichangia, najua, ila nyama ile ilikuwa na wanunuzi, nao ni sisi. Mavi ya kiboko ndiyo yaliyorutubisha maji ya Ziwa Edward na kulisha samaki. Waulizeni wavuvi wa Kyavinyonge nyavu zao zinatoka na nini siku hizi.